Darasa Moja na Rachael

25 Agosti, Jumatatu

Sista Valarie wa kliniki ya selimundu ndiye aliyeniambia niandike. Kila siku, alisema, andika umekunywa maji kiasi gani, maumivu yalikuwa wapi na hali ya hewa ilikuwaje, ili ukirudi tujue mwili wako unachokozwa na nini. Nimeanza leo kwa sababu leo muhula wa tatu umefunguliwa, na kama kuna muhula wa kunichokoza ni huu.

Maumivu: hakuna. Maji: ya kutosha. Mvua: hakuna, jua tu.

Hayo ndiyo aliyoyataka. Mengine naandika kwa hiari yangu.

Mwaka jana nilikuwa kidato cha nne, na mwaka huu niko kidato cha nne. Mtihani wa kitaifa ulipoanza nilifanya karatasi za mwanzo mwanzo, kisha kifua kikakataa, nikamalizia mtihani nikiwa na oksijeni puani, yaani sikuumaliza. Matokeo yalipotoka mimi sikuwa na gredi. Sylvia, niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, yuko chuo kikuu Bondo, anasomea ualimu. Kwenye nafasi yake sasa amekaa mdogo wangu, Rachael.

Watu husema nimerudi nyuma. Sikurudi. Nilisimama, naye Rachael akanifikia.

28 Agosti

Maumivu: hakuna. Maji: ya kutosha. Mvua: hakuna. Mama ameshusha pindo la sketi yangu tena. Niliona aibu, sijui kwa nini. Kurefuka si kosa.

2 Septemba, Jumanne

Maumivu: hakuna. Joto jingi.

Nataka kuandika jinsi siku inavyokwenda. Asubuhi Rachael hubeba begi lake mgongoni na langu kifuani. Tunatoka mtaani kwetu Nyalenda tukipita vibanda vya maji, naye huwa upande wa barabara ili pikipiki ikija impate yeye kwanza. Hili hajawahi kulisema, lakini nimeliona. Darasani hutoa chupa yangu ya maji kabla mwalimu hajaingia. Kila kipindi kikiisha hunisukumia ile chupa, nami nakunywa. Mawingu yakitanda hutoa sweta langu kwenye begi lake na kuliweka juu ya dawati, hata kama bado ninatoka jasho.

Wenzetu wanatuita mapacha. Wanasema kwa wema. Mimi nina miaka kumi na tisa, yeye kumi na saba, na mtu akitutazama kwa haraka atadhani yeye ndiye mkubwa.

Leo nilikunywa maji yote kwa mkupuo kabla hajanisukumia, nione atafanya nini. Alichukua chupa, akaenda kuijaza.

9 Septemba

Matokeo ya mtihani wa majaribio yamebandikwa. Rachael ni wa pili darasani. Mimi ni wa saba. Nilimpongeza, naye akasema kama si wodi ningekuwa mbele yake. Sikujua kama hilo lilikuwa la kunifariji au la kumfariji yeye. Mambo yote ya darasa hili nimeyasikia mara ya pili, na bado ni wa saba.

Maumivu: hakuna.

14 Septemba, Jumapili

Baada ya kanisa Baba alituita tukae. Baba ni fundi wa bomba, hazoei kuketi mchana, kwa hiyo alipovuta kiti tulijua kuna neno. Alisema yeye na Mama wamezungumza kuhusu chuo kikuu. Sote wawili tutachagua Bondo. Ni karibu na nyumbani, hakuna baridi kama ile ya Eldoret au Limuru, na kliniki yangu itabaki hapa Kisumu. Na kubwa zaidi, alisema, Nanyama, yaani mimi, hatakuwa peke yake.

Nilimtazama Rachael. Tangu tulipokuwa shule ya msingi yeye huchora ramani. Amechora mtaa wetu wote, na kila mfereji na kila kibanda cha maji. Anataka kusomea upimaji wa ardhi, na amewahi kuniambia kozi anayoitaka iko Nairobi. Nilingoja aseme. Alikuwa akimenya ndizi. Aliimenya mpaka mwisho, akaila, akasema, "Ni sawa, Baba."

Nami nikasema ni sawa. Kwa kweli Bondo ninaipenda. Ningeichagua hata bila kuambiwa. Ila sasa sijui kama bado ninaipenda.

18 Septemba, Alhamisi

Mwalimu Okinyi wa Biolojia aliniita ofisini kabla ya kipindi. Alisema leo anafundisha urithi, na kitabu kimetumia selimundu kama mfano; nikitaka atatumia maua. Nilimwambia atumie selimundu, mwaka jana nilishaisikia.

Alichora masanduku manne ubaoni. Baba ana chembe ya urithi moja nzima na moja ya ugonjwa. Mama vilevile. Sanduku la kwanza, mtoto hana kitu. La pili na la tatu, mtoto amebeba lakini haugui, na tena malaria haimshiki sana. La nne, mtoto anaugua. Alisema kila mimba ni kama kuingiza mkono upya kwenye mfuko, ule wa kwanza haumsaidii wala kumdhuru wa pili.

Darasa lote lilinitazama, kisha likajikaza lisinitazame, jambo ambalo ni baya zaidi. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama Rachael. Alikuwa ameinamia daftari. Alichora yale masanduku, akayachora tena pembeni, kisha chini ya ukurasa akayachora tena.

Rachael alipimwa akiwa mdogo. Yeye ni sanduku la kwanza. Hana kitu.

19 Septemba

Jana jioni nilimweleza Baba lile somo kwa punje za mahindi. Kule Bungoma, bibi yetu, tunamwita Kukhu, husema ugonjwa huu ni wa watu wa ziwani, kwamba Mama ndiye aliyekuja nao. Mama hulisikia na kunyamaza. Nilimpangia Baba punje nyeupe na nyekundu mezani, nikamwonyesha kwamba bila nyekundu yake yeye, mimi nisingekuwa hivi.

Baba alizitazama zile punje. Akamwita Mama kutoka kwenye cherehani, nikaeleza upya. Mama alisema haya yote aliambiwa kliniki nikiwa mtoto wa kubebwa. Baba akamwuliza mbona hakumwambia. Mama akasema, "Nilikuambia, Baba Nanyama. Ulikuwa unasikiliza habari ya redioni."

Leo asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimsikia Baba kwenye simu na Kukhu, akisema kwa Kibukusu kwamba hata yeye yumo. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilimhurumia, na huruma ile ikaniudhi.

25 Septemba

Maumivu: kidogo, goti. Maji: ya kutosha. Mawingu jioni.

26 Septemba

Maumivu: hakuna. Manyunyu.

29 Septemba

Sylvia amepiga simu kutoka Bondo. Chumba chao wamo wanne, wanapika kwa zamu, mhadhiri mmoja huongea chini kama anasali. Nilicheka sana. Kisha akauliza Rachael yuko hapo, akataka kumsalimia, na nikasikia wakipanga jinsi watakavyonisaidia nikifika: nani atanitekea maji, kitanda cha chini kitapatikanaje. Walikuwa wakinizungumzia, nami nimekaa hapo hapo nikila njugu.

Maumivu: hakuna. Mvua ya usiku.

3 Oktoba, Ijumaa

Leo nimemwambia.

Tulikuwa tukirudi. Matope ya Nyalenda mvua ikishanyesha yanashika kiatu kama mdomo, nikateleza, si kuanguka, kuteleza tu kama mtu yeyote. Rachael alinidaka kwa mikono miwili mbele ya wavulana wa darasa letu. Mmoja akasema, "Pole, mgonjwa."

Tulipofika mbele kidogo nilimwambia Rachael kwamba kuanzia Jumatatu akae dawati lingine. Abebe begi lake, mimi nibebe langu. Atangulie na marafiki zake, kama anao. Hilo la mwisho nililisema ili liume, maana hana, na hana kwa sababu yangu.

Aliniuliza, "Ni nini nimekosa?"

Nikamwambia hajakosa kitu. "Sijakosa," alisema, "lakini hukumu imetoka." Hakulia wala hakununa. Alivua begi langu kifuani, akanipa.

6 Oktoba

Amehamia dawati la nyuma, karibu na dirisha. Nimekaa na Nelima, msichana wa Webuye aliyehamia mwaka huu. Nelima hajali kama nakunywa maji. Ni raha.

8 Oktoba

Maumivu: hakuna. Maji: nilisahau.

10 Oktoba

Maumivu: kidogo, mgongo. Maji: kidogo. Mvua kila alasiri sasa. Raha ya Nelima imepungua. Anatafuna kalamu.

22 Oktoba, Jumatano

Nimerudi nyumbani jana. Naandika nikiwa nimelala, kwa hiyo mistari imepinda.

Jumanne ya wiki iliyopita, tarehe kumi na nne, prepu, kipindi cha kujisomea jioni, ilipokwisha mawingu yalikuwa meusi juu ya ziwa. Rachael alikuwa ametangulia na wasichana wawili, kama nilivyotaka. Sweta langu lilikuwa nyumbani, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akilikumbuka. Mvua ilinikuta karibu na daraja la mto Auji, ikaja na mawe. Nilijibanza chini ya bati la kinyozi, na hata hapo upepo ulikuwa ukiileta mvua kutoka pembeni. Kinyozi aliniita niingie ndani. Ndani kulikuwa na yule mvulana aliyeniita mgonjwa, ananyolewa. Nikakataa. Nilisema sisikii baridi.

Ilianza kabla ya kupambazuka. Watu huniuliza maumivu ya selimundu yakoje na sijawahi kupata jibu zuri. Ni kama mifupa ina meno. Mapaja kwanza, kisha mgongo, kisha kila mahali. Baba alikuwa Sondu akilaza bomba la shule moja huko. Mama na Rachael walinibeba kwenye pikipiki, Mama nyuma yangu, Rachael akikimbia kando mpaka barabara ya lami, kisha sikumwona tena mpaka hospitali. Alikuwa amekimbia njia yote.

Dripu, sindano, joto la blanketi. Mama alikuwa amesimama miguuni pangu. Alimwambia Rachael, polepole, kwa Kijaluo na Kiswahili vikichanganyika, "Si nilikuachia yeye? Si hiyo tu ndiyo nilikuomba? Wewe ulikuwa wapi?"

Rachael alikuwa amelowa jasho na matope hadi magotini. Aliinama akavua viatu.

Mimi nilisikia. Siku ile sikuweza kusema, ulimi ulikuwa mzito. Lakini siku ya tatu maumivu yalikuwa yamepungua, nilikuwa nikila uji, Baba akafika kutoka Sondu na Mama akamweleza yote upya: kwamba Rachael alitangulia, akaniacha kwenye mvua. Rachael alikuwa amekaa kwenye benchi ya wageni. Baba alimtazama kwa muda mrefu. Mimi niliendelea kunywa uji. Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema: ni mimi niliyemfukuza. Nimejiuliza tangu siku ile mbona haikutoka. Nilitaka awe huru mbali nami, kisha alipokuwa huru nikaona kama kweli aliniacha.

24 Oktoba

Nimemwambia Mama. Alikuwa akishona sare, mguu kwenye pedali. Nilipomaliza cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Mbona yeye hakusema?" aliuliza.

Nilisema nilidhani angesema.

"Nyathina, mwanangu," Mama alisema, "huyo hawezi kusema. Huyo anameza." Kisha akakaa akitazama uzi. Mama haombi msamaha kwa maneno, sijawahi kumsikia. Jioni alimwita Rachael, akampima kiuno na mabega, na amekata kitambaa chake kipya cha buluu, alichokuwa amejiwekea, anamshonea rinda.

Rachael alisimama kupimwa kama mtu anayepimwa jeneza. Nilijaribu kumwomba radhi. Alisema nisome Kemia, siku zimekwisha.

27 Oktoba

Nimerudi shule. Dawati la nyuma bado ni lake. Sikuwa na uso wa kumwita mbele.

3 Novemba, Jumatatu

Karatasi za kuandika zimeanza. Polisi mlangoni, bahasha zikafunguliwa mbele yetu. Maumivu: hakuna.

5 Novemba

Maumivu: hakuna. Mvua kubwa. Nimevaa sweta tangu asubuhi, nimelikumbuka mwenyewe.

7 Novemba

Leo nimevuka siku ile niliyokwama mwaka jana. Nilipotoka chumba cha mtihani nilitaka kumwambia mtu, na mtu niliyetaka kumwambia alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya choo. Nilimwambia. Rachael alisema alijua, alikuwa akiihesabu pia. Kisha foleni ikasogea.

11 Novemba, Jumanne

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Rachael hakunywa chai. Alisema ni woga wa Kemia. Tulitoka pamoja, maana wakati wa mtihani Mama alisema tutoke pamoja, naye akawa nyuma yangu. Karibu na kibanda cha maji nilisikia hatua zake zimekoma. Nilipogeuka alikuwa ameshika nguzo ya stima, meno yakigongana, na jua lilikuwa limeshachomoza. Alitapika. Nilimgusa shingo, ilikuwa kama sufuria.

Malaria. Nyumba yetu imezungukwa na maji tangu Oktoba, mbu ni wengi kuliko nzi. Mbu hao hao hutuuma sote, ila mimi nina kidonge cha kuzuia ninachomeza maisha yangu yote, na yeye hana. Yeye ni mzima, nani angempa kidonge?

Nilimpigia Mwalimu Okinyi. Alikuja kwa pikipiki, akamchukua Rachael, akasema atapiga simu ofisini. Mtahiniwa akilazwa, karatasi inaweza kumfuata hospitali na msimamizi na polisi, ila lazima aweze kukaa. Mama alikimbia kutoka nyumbani akapanda nyuma. Mwalimu aliniambia niende shule sasa hivi. Nikabaki barabarani na mabegi mawili.

Nitaandika kweli, kwa kuwa hakuna anayesoma haya ila mimi. Kwa hatua kadhaa za mwanzo nilisikia kitu kama furaha. Leo mgonjwa si mimi. Leo mimi ndiye ninayetembea na yeye ndiye anayebebwa. Kisha ile furaha ikageuka, sijui ikawa nini, nikasimama mbele ya duka la mtu nikalivaa begi lake kifuani.

Chumba cha mtihani. Karatasi ya Kemia mbele yangu, na nafasi yake dirishani tupu. Swali la kwanza nililisoma, nikalisoma tena, maneno yalikuwa yakipita kama watu usiowajua. Je, amefika? Je, homa imepanda kichwani? Binamu yetu mmoja wa Bondo alikufa kwa malaria ya kichwa kati ya asubuhi na jioni. Kila mlango ulipolia niligeuka. Msimamizi alinionya nisigeuke. Nilielewa kwamba kwa muda wote wa mtihani hakuna mtu atakayeniambia kitu, na hakuna ninaloweza kufanya ila kuandika, nikaandika. Sijui niliandika nini. Mkono uliandika.

Karatasi ilipokusanywa nilikimbia. Mimi, ninayekatazwa kukimbia. Nilifika hospitali na kifua kinapiga, na mabegi mawili, nikamkuta askari amesimama mlangoni mwa chumba kidogo. Alininyooshea mkono nisiingie. Kupitia kioo nilimwona Rachael amekaa kitandani, dripu kwenye mkono wa kushoto, kalamu kwenye wa kulia, karatasi kwenye meza ya chakula. Walimchelewesha kuanza, kwa hiyo walimwongezea dakika alizopoteza. Alikuwa akitetemeka. Aliandika, akafunga macho, akafungua, akaandika.

Niliketi sakafuni nje ya mlango. Nilikuwa na chupa yake ya maji na sweta lake.

12 Novemba

Homa imeshuka. Leo hatuna karatasi. Mama ameenda kuoga na kupika, ameniachia mgonjwa. Alisema hivyo hivyo, "Nakuachia yeye," kisha akasikia alichosema, akanishika shavu.

Nilimwambia Rachael kwamba nimeamua. Mtihani ukiisha nitamwambia Baba kwamba si haki kumfunga na mimi Bondo. Aende Nairobi akapime ardhi. Nilikuwa nimelipanga vizuri, nikalisema lote bila kupumua. Nilitarajia alie, au anishukuru.

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Baba hakuniambia niende Bondo," alisema. "Mimi ndiye nilimwomba."

Sikuelewa. Nilimwuliza ni lini. Alisema ni Desemba mwaka jana, nilipokuwa bado sijaweza kupanda ngazi. Alisema nilipokuwa na oksijeni Mama alimtuma nyumbani akae na nyumba. Alikuwa peke yake na simu. Kila ilipolia aliitazama mpaka ikanyamaza, kwa sababu aliamini asipoishika, bado niko hai. Mama alipiga kumwambia alete shuka, akafikiri binti amelala. Hajawahi kumwambia mtu.

"Darasani nikikuona unapumua naweza kusoma," alisema. "Ulipoanza kukaa na Nelima sikuweza kusoma kitu. Nilikuwa natazama mgongo wako."

Nilisema mimi nilidhani ni wao waliomweka awe mlinzi wangu. Nilidhani amechoka nami.

"Nimechoka," alisema. "Nani amesema sijachoka?"

Alitazama dripu ikidondoka. Kisha akasema kwamba Mwalimu Okinyi alipochora yale masanduku manne, yeye alikuwa akitafuta lake. Anajua ni la kwanza. Amejua tangu utotoni. Ila siku ile aliona kwamba yote manne yametoka kwenye mfuko mmoja, na mimi niliingiza mkono kabla yake. "Sikufanya kitu kizuri nikapewa safi," alisema. "Na wewe hukufanya kitu kibaya. Sasa mimi nitaenda vipi Nairobi?"

Nilimpa maji. Alikunywa yote.

Muhula mzima nimedhani najua nani amemshika nani. Sasa nikifikiri naona mikono tu.

21 Novemba, Ijumaa

Mwisho. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya alasiri. Nilipotoka Nelima alikuwa akiruka, wengine wanachorana mashati. Mimi na Rachael tulisimama tu. Alikuwa amekonda. Tulirudi nyumbani kila mtu na begi lake.

Maumivu: hakuna. Sista Valarie atafurahi.

30 Novemba

Mvua imekatika. Hakuna la kuandika.

9 Januari, Ijumaa

Matokeo yametoka. Rachael ana A ya chini. Mimi nina B ya juu. Kemia yangu ni C; nilijua mkono uliandika peke yake. Kemia ya Rachael, aliyoiandika akiwa na malaria, ni A. Nilicheka mpaka Mama akatoka kuona kuna nini.

Jioni tulikaa mezani sote. Baba alisema Mungu ametuona, na kwamba Bondo wanawangoja mabinti zake. Wakati huu sikumtazama Rachael. Tangu hospitali tumelizungumza jambo hili mara nyingi, tukiwa tunafua, tukiwa tunachambua omena, dagaa wa ziwani, mara nyingine tukigombana hadi mmoja akaondoka na beseni. Nilimwambia hofu yake haitakwisha akiwa Bondo, itahamia tu huko pamoja naye. Aliniambia mimi najifanya shujaa kwa sababu ni yeye atakayeshika simu. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Sikujua leo atasema nini.

Alisema, "Baba, mimi nitachagua Nairobi." Sauti ilikatika katikati ya jina la mji.

Mama aliinuka, akakaa tena. Baba hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyefungua bomba akakuta maji yanatoka upande mwingine. Aliuliza kwa upole, na alituuliza sote, si Rachael peke yake, "Sasa nani atakaa na Nanyama?"

Nikasema, "Nanyama atakaa na Nanyama."

Nilisema kama mtu anayejua. Baba alinitazama, kisha akaendelea kula, nasi tukala.

10 Januari

Asubuhi niliamka na goti linauma, si sana. Nilikuwa nimekaa kitandani nikilisugua Rachael alipopita. Aliona. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, nikaona midomo yake ikitaka kuuliza. Kisha akachukua mtungi, akaenda zake kuteka maji.

Nikajua ameanza kuondoka. Nilitaka kumwita arudi. Jina lake lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilinyoosha mguu, nikauweka chini, nikasimama.